Matunzo ya Mzee Nyumbani Yaingizwe Katika Bajeti



Serikali ilipotoa Sera ya Taifa ya Wazee mwaka 2003, ilimtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na zaidi, na ikaifanya familia kuwa msingi wa matunzo yake. Makazi ya Serikali yalibaki kuwa kimbilio la wale wasio na jamaa. Kwa miaka mingi makazi hayo yalihesabiwa kuwa 17 tu katika Tanzania Bara nzima, na katika Mkoa wa Ruvuma yakatajwa yale ya Ngehe. Wakati huohuo Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wazee wapatao milioni 2.5. Ni dhahiri, basi, kwamba mzee wa Tanzania hutunzwa nyumbani.

Lakini neno "familia" limegeuzwa pazia, na nyuma ya pazia hilo yuko mtu mmoja. Mara nyingi ni mwanamke: binti aliyerudi kwao, mkaza mwana, au mjukuu ambaye bado yumo shuleni. Mzee aliyepooza hana budi kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku, asije akaota vidonda vya kulalia. Hulishwa, huogeshwa, hubadilishwa nguo. Na nguo hizo hufuliwa kwa maji ambayo sharti kwanza yatekwe na kubebwa. Msimu wa korosho ukiingia, mtunzaji huyo hukabiliwa na uchaguzi ambao hapana mkutano uliopata kuujadili. Akienda shambani kuokota korosho kabla mvua haijaziharibu, mzee hulala katika mkojo hadi adhuhuri. Akibaki nyumbani, kaya hukosa fedha za mwaka mzima. Na akiachiwa mjukuu kazi hiyo, darasani huonekana kiti kitupu. Kazi yote hiyo haiandikwi popote kuwa ni kazi.

Sasa swali ni hili: mwananchi anayetaka fedha za Serikali kwa ajili ya matunzo hayo aziombe wapi? Wengi hubisha mlango usio wao, wakarudi wamevunjika moyo.

Mlango wa kwanza unaokimbiliwa ni ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 iligawa fungu hilo waziwazi: asilimia 4 wanawake, asilimia 4 vijana, asilimia 2 watu wenye ulemavu. Wazee hawana fungu lao humo. Yumkini kikundi cha wanawake kikaomba kwa jina lake kisha kikahudumia wazee. Lakini fedha hizo, zilizosimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, ni mkopo. Ni kweli kwamba hazina riba, lakini hurejeshwa. Kufuga kuku huleta fedha za kurejesha. Kumgeuza mgonjwa kitandani hakuleti hata senti, na kikundi kitakachojiingiza humo kwa moyo wa huruma kitatoka na deni.

Mlango wa pili ni Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ambao mpango wake wa kunusuru kaya maskini ulianza mwaka 2012 na kuingia kipindi cha pili mwaka 2020. Mpango huo uliwafaa wazee wengi, wala haufai kubezwa. Hata hivyo, kaya iliingizwa humo kwa umaskini wake, si kwa uzito wa mgonjwa aliyemo. Kaya yenye bibi anayetembea na kaya yenye babu asiyeinuka zilipimwa kwa mizani ileile.

Mwezi Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, watu 137,294 katika miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji au mtaa. Hatua hii ni kubwa. Lakini mhudumu huyo amebebeshwa mama wajawazito, watoto, lishe na kifua kikuu. Atapita kwa mzee, atatazama, ataandika, ataondoka. Hakuwekwa ili amnyweshe uji.

Zanzibar imeonyesha kwamba jambo hili halingoji utajiri. Tangu Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ilianza kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi pensheni, kwa kuanzia shilingi 20,000 kwa mwezi, bila ya kuuliza kama aliwahi kuajiriwa. Japani, nchi yenye wazee wengi mno, ilianzisha bima ya matunzo mwaka 2000: mpimaji hufika nyumbani, hutazama mzee anaweza nini na hawezi nini, na msaada hutolewa kwa kadiri ya upungufu huo. Wajapani hawakukubali kumlipa mkaza mwana fedha taslimu, kwa kuwa miongoni mwao walikuwapo waliohofu kwamba malipo hayo yangezidi kumfunga nyumbani. Wajerumani, walioanza bima yao mwaka 1995, waliziachia familia hiari ya kuchukua fedha au huduma. Kwa Namasakata hofu ya Wajapani ina uzito zaidi. Linalohitajika kwanza si kumlipa mtunzaji ili asitoke; ni kumlipa posho mtu wa pili kutoka kitongoji hichohicho, awe wa zamu, ili mtunzaji aende shambani na mtoto aende shuleni.

Wako watakaosema kwamba kulipia matunzo ya mzazi ni kuharibu mila. Muuguzi wa zahanati hulipwa mshahara na hakuna aliyepata kumwambia kwamba hana huruma.

Mlango ulio wazi, basi, ni bajeti yenyewe, na njia yake huanzia hapa kijijini. Sheria ya Serikali za Mitaa Na. 7 ya mwaka 1982 iliufanya mkutano mkuu wa kijiji kuwa chombo chenye mamlaka ya juu katika kijiji. Ombi likipitishwa hapo na kuandikwa katika muhtasari, hupanda kwenye kamati ya maendeleo ya kata, kisha halmashauri, ambako madiwani hugawa mapato ya ndani. Sehemu ya mapato hayo hutokana na ushuru wa korosho. Na iko mikorosho inayozaa hadi leo ambayo ilipandwa na haohao wasioweza sasa kuinuka.

Tatizo ni majira. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, lakini makadirio ya halmashauri hujadiliwa miezi kadhaa kabla, mwanzoni mwa mwaka. Kijiji kisicholeta ombi lake kabla ya hapo kimechelewa mwaka mzima, na muda wa kulitayarisha huangukia katika miezi ileile ambayo kila mtu yuko chini ya mikorosho. Afadhali mkutano huo ufanyike Agosti.

Tena ombi lisiwe barua ya "tunaomba wazee wasaidiwe". Barua za namna hiyo zimejaa katika mafaili, na faili halina macho ya kulia. Baraza la wazee na afisa ustawi wa jamii wapite kitongoji kwa kitongoji, waorodheshe wasioinuka kitandani, wasioona, na wanaoishi na wajukuu peke yao. Kila mmoja aandikiwe nani anamtunza na kwa saa ngapi kwa siku. Ndipo gharama ihesabiwe: posho ya mtu wa zamu kwa miezi ya msimu, mpira wa kitandani, glovu, sabuni, na nauli ya mganga kufika mara moja kwa mwezi. Idadi isitiwe chumvi, maana diwani akikuta jina moja la uongo atayatilia shaka yote yaliyosalia.

Ombi liandikwe nakala mbili, na ile inayobaki kijijini igongwe muhuri wa mapokezi wenye tarehe. Makadirio yakisomwa na fungu hilo lisionekane, mwenyekiti wa kijiji atakuwa na karatasi ya kumwonyesha diwani.