Sabuni Kidogo Katika Dawa ya Utupa

Ndugu mkulima wa Rungwe, leo tuzungumze juu ya sabuni, lakini si kwa kufulia nguo.

Litazame jani la gimbi wakati wa mvua. Maji hayalilowanishi, yanaviringika kama shanga na kudondoka. Jani la kabichi nalo ni hivyo hivyo, kwa sababu lina nta. Sasa wewe umeloweka utupa katika maji matupu, ukanyunyizia wadudu mafuta. Dawa imeanguka chini, wadudu wanaendelea kufyonza, nawe wasema utupa haufai!

Kumbe pana sababu nyingine tena. Sumu ya utupa, iitwayo rotenoni, haiyeyuki vizuri katika maji. Hapo ndipo sabuni inaposaidia. Kila chembe yake ina ncha mbili: moja hupenda maji, nyingine hupenda mafuta. Kwa hiyo huitoa sumu katika majani ya utupa, kisha huyatandaza maji juu ya kabichi.

Fanya hivi. Chukua kilo 1 ya majani makavu yaliyotwangwa, lita 10 za maji, na vijiko vidogo 2 vya sabuni ya maji. Usizidishe sabuni, itaunguza mimea. Loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, nyunyiza jioni siku isiyo na mvua, maana jua huiharibu rotenoni.

Lakini, ndugu yangu, utupa si wote sawa. Mwaka 2019 watafiti waliopima utupa wa Afrika Mashariki walitangaza kuwa upo wa aina tatu, na aina moja haina rotenoni. Basi jaribu kwanza mistari miwili mitatu. Wadudu wasipopungua baada ya siku chache, tafuta mbegu kwa jirani ambaye utupa wake unaua.

La mwisho ni hatari yake. Utupa huua samaki, hivyo usioshe bomba mtoni. Maji ya Kiwira yanakwenda Ziwa Nyasa. Tena usiunywe kama dawa. Ni kweli wanakemia wanachunguza deguelini, ndugu yake rotenoni, dhidi ya seli za saratani. Lakini hiyo ni kazi ya maabara, haijawa dawa ya mtu.

Haya, kazi njema shambani.