Kabla ya Kununua Samaki, Angalia Udongo na Jua

(Mazungumzo yaliyotolewa Voi kwa wanakikundi wanaotaka kuanza kufuga samaki. Yamefupishwa kidogo.)

 

Mmeniomba nizungumze juu ya ufugaji wa samaki kwa mtu anayeanza. Najua wengi mnataka kusikia habari za vifaranga: wanapatikana wapi, wanauzwaje, wanakula nini. Hayo tutayafikia siku nyingine. Leo nataka tuangalie mambo mawili ambayo hayauzwi dukani, nayo ni udongo ulio chini ya maji na jua lililo juu ya maji. Bwawa hufaulu au hushindwa hapo, hata kabla samaki wa kwanza hajaingia.

Mtakumbuka kwamba mwaka 2009 serikali ilianzisha mpango mkubwa wa mabwawa ya samaki. Yalipangwa mabwawa 200 katika kila eneo bunge, kwa maeneo bunge 140, na kila bwawa lilikuwa la mita 300 za mraba. Watu wengi walipata kujifunza. Lakini mabwawa mengi baadaye yaliachwa. Mengine yalikosa chakula cha samaki, mengine yalikosa soko, na mengine maji yalizama tu ardhini. Mwenye bwawa akabaki na shimo.

Sisi wa Voi tunajua thamani ya mtungi wa maji. Basi tupige hesabu kidogo. Chukua bwawa dogo la mwanafunzi, mita 10 kwa mita 10. Jua na upepo wa huku kwetu likipunguza maji milimita 5 kwa siku, umepoteza lita 500. Hiyo ni mitungi 25 ya lita 20, na hujui hata imekwenda wapi. Hiyo huwezi kuizuia. Lakini udongo mbaya ukinywa milimita 10 zaidi, ni mitungi mingine 50 kila siku. Nani atachota? Mara nyingi ni mama na watoto. Kwa hiyo nasema, pima udongo kabla ya kushika jembe.

UDONGO: VIPIMO VITATU VISIVYO NA GHARAMA

Chimba mpaka kina ambacho bwawa litafika, maana udongo wa juu si sawa na wa chini. Chukua huo wa chini.

Kipimo cha kwanza ni tonge. Lowesha udongo kidogo, ufinyange kama tonge la ugali, urushe juu kiasi cha mkono mmoja na uudake. Ukivunjika mkononi, una mchanga mwingi. Ukishikamana, endelea na kipimo cha pili.

Kipimo cha pili ni chupa. Chukua chupa ya kioo kama hii hapa mezani. Jaza udongo mpaka theluthi moja, ongeza maji, tikisa sana, kisha iache mpaka kesho. Mchanga hutua kwanza, kwa dakika chache. Juu yake hutua vumbi laini. Mwisho kabisa hutua mfinyanzi. Huo mfinyanzi ndio unaoshika maji. Ikiwa tabaka lake ni robo ya udongo wote au zaidi, una matumaini.

Kipimo cha tatu ndicho kikubwa. Chimba shimo la kufika kiunoni. Asubuhi na mapema lijaze maji mpaka juu. Jioni utakuta yamepungua. Usishtuke, ardhi kavu lazima inywe kwanza. Jaza tena, funika kwa matawi ili jua na upepo visikudanganye, kalale. Kesho yake asubuhi, ukikuta maji mengi bado yamo, mahali hapo panafaa. Ukikuta shimo tupu, mshukuru Mungu kwamba umepoteza mitungi michache tu.

Udongo wetu mwekundu wa Voi mara nyingi una mchanga. Usikate tamaa upesi. Unaweza kuleta udongo wa kichuguu, ambao una mfinyanzi mwingi, ukatandaza chini na kandokando, ukaulowesha na kuukanyaga kwa miguu au kwa ng'ombe mpaka ushikamane. Wa Taveta wenye udongo mweusi wana bahati, maana unashika maji vizuri. Lakini nao ukikauka hupasuka nyufa. Usiliache bwawa wazi likauke miezi mingi, kisha ukalijaza ukitegemea litashika kama mwanzo.

JUA: MAJI MEUPE SI SIFA

Sasa tuje juu ya maji. Wengi mmesikia au mmeona Chemchemi za Mzima, kule Tsavo Magharibi. Maji yake yamechujwa na miamba ya volkano ya milima ya Chyulu, ni meupe kama kioo. Kuna hata chumba cha kushuka chini ya maji ambamo wageni hutazama samaki wakipita. Ni jambo zuri kulitazama. Lakini anayeanza kufuga hutaka bwawa lake lifanane na Mzima, na hapo ndipo anapokosea.

Bwawa la tilapia linatakiwa kuwa na maji ya kijani. Ule ukijani ni mimea midogo sana isiyoonekana mmoja mmoja. Inatumia mwanga wa jua na rutuba iliyo majini, na tilapia huila. Tena mchana mimea hiyo hutoa hewa ambayo samaki wanavuta. Kwa hiyo jua ni lishe ya bwawa, na ni lishe ya bure.

Basi usichimbe chini ya mti. Kivuli huzuia jua, majani huangukia majini yakaoza, na mizizi hutoboa kuta. Mikaratusi ndiyo mibaya zaidi, kwa vile inakunywa maji pia.

Utajuaje kwamba ukijani unatosha? Tumia mkono wako. Inama, zamisha mkono polepole, kiganja kikiwa wazi. Kiganja kikipotea machoni wakati maji yamefika kwenye kiwiko, uko sawa. Ukiwa bado unakiona, maji yana njaa. Ongeza samadi kidogo katika kizimba cha vijiti kwenye kona ya bwawa. Kikipotea kabla ya kiwiko, ukijani umezidi, acha samadi.

Kuzidi kuna hatari gani? Mimea ile ile inayotoa hewa mchana, usiku huivuta. Ikiwa mingi mno, ukifika alfajiri utakuta samaki wamejaa juu wakihema. Usiwape chakula wakati huo. Ingiza maji safi, na usitie samadi mpaka maji yapungue ukijani.

Na jihadhari: maji mekundu ya matope si maji ya kijani. Matope huziba mwanga kabisa. Panda nyasi kwenye kingo na uchimbe mfereji wa kuyazuia maji ya mvua yasimiminike bwawani.

JIFUNZENI KWA JIPE NA CHALA

Kina nacho ni habari ya mwanga. Tuna maziwa mawili jirani yanayofundisha vizuri. Ziwa Chala limo ndani ya shimo la volkano, kina chake ni karibu mita 90. Mwanga haufiki chini, na magugu hayawezi kuotea katikati. Ziwa Jipe ni la kina kifupi, na mto Lumi unaliletea udongo. Mwanga na udongo vikikutana pasipo kina, matete hupata makao. Wavuvi wa Jipe wanajua jinsi matete yalivyowafungia njia za mitumbwi.

Kwa bwawa lako, upande wa kina kifupi usipungue sana chini ya sentimita 70, na upande mwingine ufike mita 1 au zaidi kidogo. Ukifanya fupi kuliko hapo, utakuwa mkulima wa magugu na mbu.

Tena maziwa haya mawili yana perege wake wa asili: wa Jipe na bonde la Pangani, na wa Chala. Wote wako katika hatari ya kutoweka. Samaki wa kigeni akitoroka bwawani anaweza kuwamaliza. Weka wavu kwenye mabomba ya kuingiza na kutoa maji, na usimwage kamwe samaki mtoni wala ziwani.

MASWALI

Mama mmoja aliuliza: Kwangu ni mchanga mtupu. Nitandike plastiki?

Jibu: Inafaa, mama, ukiweza kuinunua. Lakini plastiki haina rutuba kama udongo. Itabidi maji uyalishe samadi mara kwa mara na upime kwa mkono kila wiki. Pia nunua ile nzito ya mabwawa, maana nyepesi huharibiwa na jua.

Kijana kutoka Wundanyi: Sisi kwetu kuna maji na mfinyanzi, mbona samaki hawakui?

Jibu: Tilapia hukua vizuri maji yakiwa na joto la nyuzi 25 hadi 30. Chini ya 20 anapoa, anakula kidogo. Kule juu jua lina thamani zaidi: chagua mahali palipo wazi kabisa, na usiingize maji baridi ya kijito usiku na mchana. Jaza, kisha ongeza yale yaliyopungua tu.

Mzee mmoja: Na ndovu je?

Jibu: Ndovu akinusa maji haulizi ni ya nani. Mzee, usichimbe kwenye njia yao. Zungumza kwanza na maafisa wa KWS na majirani.

Mwalimu mmoja: Ninataka tangi la kioo lenye mimea darasani. Mafundisho ni haya haya?

Jibu: Ni haya haya, mwalimu, ila mwanga unageuka. Katika bwawa unautafuta ukijani, katika tangi unaukimbia. Usiliweke dirishani penye jua kali. Liweke penye mwanga wa kadiri, au tumia taa ya umeme saa 8 hivi kwa siku, kisha izime. Chini tandaza udongo wa kawaida usio na mbolea, unene wa vidole viwili, halafu ufunike kwa mchanga mzito wa mtoni uliooshwa mpaka maji yatoke safi. Mizizi itapata chakula, na maji hayatachafuka. Panda mimea, ngoja wiki chache ishike, ndipo utie samaki wachache.

KAZI YA KUFANYA

Tukikutana tena, kila mmoja aje na chupa yake ya udongo, na atuambie shimo lake lilibaki na maji kiasi gani asubuhi. Atakayechota maji mtoni aulize pia habari ya kibali katika Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Wenye mashimo yaliyoshika ndio tutakaoanza kuwatembelea na ofisa wa uvuvi wa kaunti. Wengine tutashauriana: labda kichuguu, labda plastiki, labda kuungana watatu wanne kwenye shamba moja lililo zuri.