Amplifaya Iliyozimwa Haijafa

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya mkutano wetu wa mwaka



Nimeombwa nizungumze juu ya utunzaji wa vyombo vya muziki vya shule. Kama mnavyojua, Klabu ya Muziki imepewa na mmoja wetu amplifaya mbili za gitaa, zote za valvu, pamoja na gitaa la umeme la aina mpya, lile lenye kompyuta tumboni. Amplifaya moja inavuma, ya pili haitoi sauti, na gitaa linazimika katikati ya wimbo. Vijana wanauliza kama waweza kuzifungua wenyewe wakazitengeneza.

Mimi nilisoma uhandisi wa umeme chuo kikuu, ingawa siku hizi serikalini nashika mafaili zaidi kuliko mita. Nitajibu swali hilo kwa kirefu, maana jibu fupi la "msiguse" halimfundishi mtu kitu, na kijana aliyekatazwa bila kuelezwa hungoja tu mwalimu aondoke.

Kwanza, valvu ni nini? Ni chupa ya kioo iliyoondolewa hewa, yenye waya unaowaka ndani kama balbu. Mwingereza John Ambrose Fleming alitengeneza ya kwanza mwaka 1904, na Mmarekani Lee de Forest akaiongezea sehemu ya tatu mwaka 1906, ndipo ikaweza kukuza ishara ndogo ya umeme. Transista iligunduliwa mwishoni mwa mwaka 1947, na baadaye redio na televisheni zikaziacha valvu. Wapiga gitaa hawakuziacha. Valvu ikisukumwa kupita kiasi chake haikatiki ghafla. Sauti hukwaruza polepole na kunenepa, na ndiyo sauti iliyozipa jina amplifaya za Fender za Marekani, na za Vox na Marshall za Uingereza.

Sasa, Ndugu Mwenyekiti, sauti hiyo ina gharama yake. Umeme wa ukutani hapa kwetu ni volti 230. Ndani ya amplifaya kuna transfoma inayoupandisha, kisha unageuzwa kuwa mkondo mnyoofu wa volti 300 hadi 500 hivi. Mkondo huo huhifadhiwa katika kapasita, ambazo ni mfano wa matangi ya umeme. Ukizima swichi, ukachomoa na plagi, matangi hayo yaweza kubaki yamejaa. Katika amplifaya nyingine hujimwaga kwa sekunde chache. Katika nyingine, hasa yenye kosa, hukaa na umeme kwa muda mrefu.

Wenzangu watumishi wa serikali watanielewa nikisema hivi: kapasita ni kama masurufu yasiyorejeshwa. Safari imekwisha, gari limerudi yadi, lakini deni liko palepale, na siku moja litadaiwa. Amplifaya humdai mtu wa kwanza kuingiza kidole.

Tupige hesabu kidogo, maana wapo hapa wanafunzi wa fizikia. Kapasita zenye jumla ya mikrofaradi 100, zikijazwa volti 450, hubeba nishati ya joule 10 hivi. Ni kazi ya kuinua pakiti ya sukari ya kilo moja kwa kimo cha mita moja. Kwa mkono si kitu. Lakini nishati hiyo ikipita kifuani kwa sehemu ndogo ya sekunde, kutoka mkono wa kushoto hadi wa kulia, moyo waweza kusimama.

Hatari ya pili haihitaji hata kufungua sanduku. Nyuzi za gitaa la kawaida zimeungwa, kupitia waya wake, na bati la ndani la amplifaya. Bati hilo likishika umeme kwa kosa lolote, nyuzi nazo zimeshika. Mpigaji hatasikia kitu mpaka aguse kingine kilichoungwa na ardhi, na mara nyingi kitu hicho ni maikrofoni iliyo mbele ya midomo yake. Les Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, alikufa hivyo jukwaani mjini Swansea mwezi Mei 1972, alipogusa maikrofoni huku ameshika gitaa. Miaka minne baadaye, Mei 1976, Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa Yardbirds, aliuawa na umeme nyumbani kwake akipiga gitaa ambalo ethi yake haikuwa sawa. Hawa walikuwa watu wa kazi hiyo.

Kinga ya hatari hii ni waya wa ethi. Bati likishika umeme, ethi huupeleka ardhini kwa nguvu, fyuzi inaungua, na mpigaji anabaki na maisha yake. Basi nasema kwa uchungu kwamba nimeona kwa macho yangu, katika bendi zaidi ya moja, plagi iliyokatwa waya wa ethi kwa makusudi, ati kwa sababu ukiukata mvumo unapungua. Ni kweli, wakati mwingine unapungua. Lakini mvumo ni kero tu, na kero huvumilika. Ukimya ulionunuliwa kwa kukata ethi ni ukimya wa kaburini.

Mtu ataniuliza: je, hatuwezi kufunga ile swichi ya kinga inayokata umeme ukivuja miliampea 30? Tuifunge, tena upesi, kwani ndiyo inayomlinda mpigaji jukwaani. Lakini ijulikane kwamba haimlindi anayefungua sanduku. Volti zile 450 ziko upande wa pili wa transfoma, na umeme wa kapasita hautoki ukutani tena. Swichi ya kinga hauoni. Mtu aweza kuuawa na amplifaya na swichi ile isitikisike.

Baada ya kutishana, sasa tufanye kazi. Vijana, yapo mengi ya kufanya bila kufungua bati. Kanuni yangu ni hii: anzeni nje, endeni ndani, na simameni mlangoni.

Anzeni na maandishi ya nyuma. Amplifaya iliyotengenezwa kwa soko la Marekani yaweza kuwa ya volti 120. Hiyo ukiichomeka hapa moja kwa moja utaiunguza. Kisha tazameni plagi na waya wake. Kisha waya wa gitaa: jaribuni mwingine mnaojua ni mzima, kwa kuwa waya huo hukanyagwa kila siku na ndio mgonjwa wa kwanza.

Amplifaya isiyotoa sauti izimwe na ichomolewe, kisha tazameni fyuzi ile inayofunguliwa kwa nje. Ikiwa imeungua, wekeni nyingine ya kiasi na aina ileile iliyoandikwa, mara moja tu. Ikiungua tena, hiyo ni taarifa: kuna kosa ndani, na kazi yenu imekwisha. Msiweke fyuzi kubwa zaidi. Msizungushie karatasi ya sigara. Fyuzi ikinyamazishwa, moto ndio utakaosema.

Hakikisheni vilevile kwamba spika imeungwa kabla ya kuwasha. Amplifaya ya valvu isiyo na spika yaweza kuunguza transfoma yake ya sauti, na hicho ni kifaa cha bei kubwa. Namba ya omu za spika, 4, 8 au 16, ilingane na ile iliyoandikwa kwenye tundu. Wala msidanganywe na swichi ya pili, ile ya kuiweka amplifaya tayari bila sauti. Hiyo si ya kuzima. Valvu zinaendelea kuwaka, na umeme mkubwa umo ndani.

Kwa amplifaya inayovuma, tumieni masikio, maana ninyi ni wanamuziki. Chomoeni waya wa gitaa. Mvumo ukikoma, kosa liko katika gitaa au waya. Usipokoma, shusheni sauti hadi mwisho. Ukikoma sasa, kosa liko katika hatua za mwanzo. Ukibaki vilevile, liko mwishoni au katika ugavi wa umeme. Kisha sikilizeni kimo chake. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, na ukishageuzwa kuwa mnyoofu mabaki yake huvuma kwa 100. Sauti ya 100 iko karibu sana na noti ya G, kidole kikiwa kwenye freti ya tatu ya uzi mnene kuliko zote. Pigeni noti hiyo mlinganishe. Mvumo ukifanana nayo, yawezekana kapasita za ugavi zimezeeka. Ukiwa chini yake kwa oktava nzima, shukuni waya, ethi, au moto wa valvu zenyewe. Ni dalili, si hukumu, lakini fundi akipewa dalili hiyo mmemwokolea nusu siku.

Amplifaya ikilia kama kengele, gongeni taratibu kwa nyuma valvu ndogo zinazofikika, kwa ncha ya penseli ya mbao. Inayoitika kwa mlio ndiyo mbovu. Valvu ndogo yaweza kubadilishwa, mashine ikiwa imechomolewa na kioo kimepoa. Zile kubwa za kutolea nguvu mwachieni fundi, kwani katika amplifaya nyingi hubadilishwa kwa jozi na kupimwa upya. Mkiona bati lililo ndani ya valvu kubwa limeiva jekundu, zimeni papo hapo, hata kama Mkuu wa Shule yuko katikati ya kucheza.

Hapo ndipo mlangoni. Kazi ya ndani ni ya fundi aliyejifunza, na nawatajia desturi zake ili mumtambue. Hafanyi kazi peke yake. Huvua saa na pete. Huchomoa plagi na kuiweka pale anapoiona. Humwaga umeme wa kapasita polepole kwa kupitia rezista, wala si kwa kugusisha bisibisi ikalipuka cheche. Kisha hupima kwa mita, na hashiki kitu mpaka mita imesoma karibu na sifuri. Akilazimika kupima kukiwa na umeme, mkono mmoja hukaa mfukoni. Fundi anayesema "nimeshazoea" mwageni kwa adabu.

Nije kwenye gitaa. Kampuni ya Roland ya Japani ilitoa mtambo wake wa VG-8 mwaka 1995, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 Line 6 ya Marekani ikatoa Variax, gitaa lililobeba kompyuta ndani yake. Katika gitaa la namna hiyo kila uzi una kihisio chake kwenye daraja, na kompyuta huigiza sauti za magitaa mbalimbali. Hapa hakuna volti za kuua, lakini kanuni ni ileile ya kuanza nje. Likizimika, tazameni betri kabla ya yote. Magitaa mengi ya aina hii hujiwasha waya unapochomekwa, hivyo ukiuacha usiku kucha asubuhi betri zimekwisha. Uzi mmoja ukinyamaza, shukuni kihisio cha uzi huo. Zote zikinyamaza, shukuni betri, waya au kompyuta. Likiwa pia na pikapu za kawaida za sumaku, hamieni huko: zikilia, waya na amplifaya ni vizima, na kosa liko upande wa kompyuta. Msibadilishe programu yake betri zikiwa dhaifu au umeme ukiwa wa kukatika-katika. Na likiwekwa likizo nzima, toeni betri za kawaida zisije zikavuja.

Jambo moja zaidi, na walimu walizingatie. Mtu akinaswa na umeme, msimshike. Kateni umeme kwanza kwenye swichi kuu, kisha iteni msaada, na kama hapumui mwanzeni kumsukuma kifua. Kila mwanachama wa klabu ajue swichi kuu ya ukumbi iko wapi, aweze kuifikia hata gizani.

Ndugu Mwenyekiti, naweka mezani mapendekezo matatu, na naomba yaamuliwe leo kabla ya chakula. La kwanza: nyaya za ukumbi zikaguliwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, ethi ipimwe, na swichi ya kinga ya miliampea 30 ifungwe. La pili: amplifaya zote mbili zipelekwe kwa fundi mzoefu wa valvu kwa gharama ya chama chetu, na viongozi wawili wa klabu waende naye wakatazame na kuandika. La tatu: mpaka hayo yafanyike, zikae stoo chini ya kufuli, na ufunguo ashike mwalimu mmoja kwa kusaini.

Tumezoea katika mikutano hii kuchangia rangi za madarasa na vikombe vya michezo, na ni vizuri. Mwaka huu naomba tuchangie waya ambao hakuna atakayeuona. Kamati ikikubali, mchango wa kwanza ni wangu, nao uko katika bahasha hii.