Kadi Isiyo na Saa: Kupanga Wagonjwa Katika Kliniki za Ukanda wa Chai, Kericho na Bomet



Tuchukue kadi ya mgonjwa wa presha, yoyote ile. Ina tarehe ya kurudi, mara nyingi siku 28 mbele. Saa haimo. Mgonjwa asiyepewa saa anajua la kufanya: anadamka. Saa kumi na mbili alfajiri yuko langoni, maana anajua wenzake nao watakuwa hapo, na kwamba atakayechelewa atatoka alasiri. Tukifungua mlango saa mbili, mabenchi yameshajaa. Tena siku 28 ni wiki 4 kamili. Aliyekuja Jumanne atarudi Jumanne, yeye na kundi lake lile lile, mwezi baada ya mwezi, huku Ijumaa mchana chumba kikiwa kitupu.

Uhaba wa watumishi ni wa kweli, na kila aliyeketi hapa anaubeba mwilini. Lakini sehemu kubwa ya foleni zetu haisababishwi na wingi wa wagonjwa. Inatokana na sisi kuwaita wote kwa wakati mmoja.

Tupige hesabu. Tuseme kituo kina maafisa wa kliniki 2, na kila mgonjwa anachukua dakika 10. Kwa saa moja wanaona wagonjwa 12, hivyo 60 wanamalizika kwa saa 5. Wakiitwa wote saa mbili asubuhi, wa mwisho ataingia karibu saa saba, na kwa wastani kila mmoja atakuwa amengoja kama saa mbili na nusu. Sasa waiteni 12 kwa kila saa. Maafisa ni wale wale, kazi inakwisha saa saba ile ile, ila hakuna anayengoja saa nzima. Mwaka 1952 Norman Bailey alichunguza foleni za hospitali za Uingereza, akapendekeza kanuni rahisi: ita wawili mwanzoni ili daktari asikae bure, kisha mmoja mmoja kwa kadiri ya muda wa wastani. Kanuni hiyo haihitaji kompyuta.

Kwetu huku, saa ya mgonjwa ina bei inayojulikana, kwa sababu mchumaji hulipwa kwa kilo. Mwaka 2004 Matthew Fox na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa katika mashamba ya chai ya Kericho. Walitumia rekodi za kila siku za majani yaliyopimwa, zile zile za kulipia mishahara. Waligundua kwamba wafanyakazi waliokuja kufariki au kustaafishwa kwa sababu ya UKIMWI walikuwa wakichuma kilo 4 hadi karibu 8 pungufu kwa siku katika mwaka mmoja na nusu wa mwisho kazini. Utafiti ule ulipima ugonjwa, haukupima foleni. Hata hivyo unatuonyesha mahali mtu wa chai anapohesabia hasara yake: kwenye mizani. Asubuhi iliyoishia benchini haina kilo hata moja. Siku ya dawa ikigongana na majani yaliyokomaa, wengi watakwenda kuchuma, nasi tutawaandika watoro. Naona uchungu kila ninapoliona neno hilo kwenye rejista.

Kwa hiyo saa zigawanywe kwa kufuata maisha ya hapa. Mkulima mdogo wa KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo, huchuma asubuhi, kisha hubeba majani hadi kituo cha kununulia, akangoja kupimiwa. Kama anaishi karibu, mpeni saa tisa. Anayetoka mbali kwa boda boda apewe asubuhi, kabla mvua ya alasiri haijaharibu barabara. Anayepimwa sukari kabla ya kula awe wa kwanza kabisa. Kinachotakiwa ni daftari la kawaida: kila ukurasa siku moja, kila saa na mistari yake 12, ikijaa karani anahamia saa inayofuata. Na kabla ya kuandika, aulize: "Mama, majani mnapeleka siku gani?"

Mistari mingine iachwe wazi. Mtoto mwenye homa haji kwa miadi. Iachwe mingapi? Rejista ya mwaka jana itajibu, hasa kurasa za Juni. Rekodi za hospitali ya mashamba ya chai hapa Kericho zinarudi nyuma hadi miaka ya 1960, na wanasayansi wa nje wamezitumia kubishana kuhusu malaria ya nyanda za juu na mabadiliko ya hali ya hewa. Zinaonyesha malaria ikipanda baada ya masika na kufikia kilele katikati ya mwaka. Sisi tunaoishi hapa hatuna sababu ya kushtushwa nayo kila Juni. Mgonjwa wa presha aliyetulia akipewa dawa za miezi 3 mwezi wa Aprili, benchi lake la Juni linabaki kwa mwenye homa. Kliniki za VVU zimeshatutangulia: mwongozo wa taifa wa 2016 uliruhusu waliotulia kupewa dawa za miezi mingi.

Hapa ndipo mpango hukwama. Huwezi kumpa mtu dawa za miezi 3 ikiwa rafu ina za wiki 2. Sheria ya mwaka 2023 ya ufadhili wa uboreshaji wa vituo inaviruhusu vituo vya umma kubaki na mapato yao na kuyatumia. Ningependa dawa za presha na sukari ziwe juu kabisa katika orodha ya matumizi hayo.

Kuna pia dawati la usajili. Tangu Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ichukue nafasi ya bima ya zamani ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, mgonjwa huanzia pale. Karani mmoja akitumia dakika 8 kwa kila mtu, anapitisha 7 kwa saa, na maafisa 2 wanaoweza kuona 12 watakaa wakingoja. Uwezo wa kliniki ni uwezo wa mahali pake pembamba zaidi, napo huenda pakawa dawatini au maabarani.

Kuhusu kuwafuatilia wagonjwa kwa simu, jarida la Lancet mwaka 2010 lilichapisha jaribio lililofanywa Kenya kwa watu 538 wanaotumia dawa za VVU. Kila wiki muuguzi aliwatumia baadhi yao ujumbe, "Mambo?", nao wakajibu "Sawa" au "Shida". Aliyenyamaza au mwenye shida alipigiwa. Waliopata ujumbe huo walishika dawa vizuri zaidi. Nasi tunaweza kuuliza siku moja kabla, nafasi ya asiyekuja apewe mwingine. Ila simu nyingi vijijini hutumiwa na nyumba nzima, kwa hiyo ujumbe usitaje kliniki wala ugonjwa.

Kabla ya kubadilisha chochote, naomba kila kituo kihesabu kwa wiki moja: mgonjwa alifika saa ngapi, aliingia kwa daktari saa ngapi, alitoka saa ngapi. Saa ya kufika iandikwe langoni na mlinzi au mhudumu wa afya ya jamii, kwa sababu dawati likifunguliwa saa mbili, aliyefika saa kumi na mbili huandikwa kana kwamba ndiyo kwanza anaingia.