Safari Isiyoandikwa Huzikwa na Msafiri

(Muhtasari wa mhadhara kwa wazazi na wanafunzi wa madrasa, Mamboya, Kilosa)

 

Ndugu wazazi na vijana, mtoto akiulizwa ni nani waliovumbua bara letu, hutaja Burton, Speke, Livingstone na Stanley. Leo tulipime jibu hilo. Mamboya yetu ilikuwa kwenye njia ya misafara baina ya Saadani na Mpwapwa. Wageni hawakuichonga njia hiyo. Waliikuta imekwisha kukanyagwa na wapagazi na wafanyabiashara.

Kwanza, tumtazame Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao, akatekwa utotoni, akauzwa India, kisha akapata uhuru na kurejea Afrika Mashariki. Mwaka 1857 alisafiri na Burton na Speke. Mwaka 1860 na Speke na Grant. Mwaka 1871 na Stanley. Mwaka 1873 aliondoka Bagamoyo na Cameron, wakatokea pwani ya Atlantiki mwaka 1875. Katika hao watano, hakuna aliyekuwamo katika safari zote nne. Bombay alikuwamo katika zote.

Pili, Livingstone alipofariki mwaka 1873, katika nchi ambayo leo ni Zambia, Abdullah Susi, Chuma na wenzao waliukausha mwili wake na kuubeba hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Walipopita Tabora, Cameron aliwashauri wamzike huko. Walikataa. Alipozikwa London tarehe 18 Aprili 1874, Susi na Chuma hawakuwapo. Walifika Uingereza baada ya maziko. Aliyekuwapo ni mwenzao Jacob Wainwright, ambaye aliandika shajara ya safari ile kwa mkono wake.

Tatu, mwaka 1896 Mswahili Salim bin Abakari alifika Urusi na Siberia. Tunayajua hayo kwa sababu habari zake ziliwekwa katika maandishi kwa Kiswahili, zikachapwa Ujerumani mwaka 1901.

Enyi vijana, zingatieni tofauti iliyopo. Ibn Battuta alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Mabaharia wangapi walikuwa wamefika huko kabla yake? Majina yao yamepotea. Lake limebaki kwa kuwa aliporudi kwao Morocco, sultani aliamuru habari zake ziandikwe, na Ibn Juzayy akaikamilisha kazi hiyo mwaka 1355. Bombay alipewa medali ya fedha na Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London, lakini hakuacha kitabu. Ndiyo maana tunamjua kupitia kalamu za wale aliowaongoza.

Jambo hili halipo mbali nasi. Mmisionari J. T. Last, aliyeishi hapa Mamboya, alichapisha kitabu cha sarufi ya Kikaguru mwaka 1886. Lugha ni ya babu zetu, wao ndio walioizungumza mbele yake. Jina lililo juu ya jalada ni la aliyeshika kalamu. Hatumlaumu kwa kuandika. Tujilaumu sisi tukiendelea kutoandika.

Kwa hiyo nawaagiza wanafunzi: kabla ya mwezi kwisha, kila mmoja aketi na mzee wake akiwa na daftari. Amwulize alitoka wapi, alipita njia gani, na nani walifuatana naye. Aandike majina yote, hata ya wabeba mizigo. Wazee wetu wanaondoka mmoja mmoja, na kila anayeondoka huondoka na njia zake.

Wabillahi tawfiq.