Dole Gumba katika Maneno ya Waingereza
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Nimeombwa niseme juu ya neno dogo la Kiingereza, nalo ni "thumb", yaani kidole gumba. Labda yuko asemaye moyoni, "Neno hili nalijua tangu darasa la pili." Nami nalidhani vivyo hivyo, hata likaniaibisha mbele ya watu.

Nilipokuwa karani kijana, niliamriwa kuwasomea wazee kwa Kiswahili barua iliyohusu shauri la shamba. Barua ilisema kuwa mjane mmoja yu "under the thumb" kwa shemeji yake. Nikafasiri neno kwa neno: "Yu chini ya dole gumba la shemeji yake." Wazee wakatazamana. Walifahamu ya kuwa mama yule amekwisha kutia dole katika karatasi ya shemeji, na shamba limekwenda. Kumbe mwandishi alikuwa akimtetea! Maana yake ni kwamba shemeji amemtawala hata hana kauli, kwa hiyo ridhaa yake isihesabiwe. Mama akalia. Karani mkuu, Mungu amjazi kheri, aliitwaa barua mkononi mwangu akaifasiri upya, na shauri likarudi mahali pake. Tangu siku ile sikudharau tena neno dogo.

Basi na tutazame matumizi yake. Mtu aliye "all thumbs" si mwenye madole mengi, bali ni asiye na ustadi wa mikono. Kila ashikacho humponyoka. Achezeshaye vidole gumba vyake, kimoja kukizunguka kingine, ni mtu asiye na kazi. Neno hili likiwa tendo, ukitajiwa kitabu ni kupekua kurasa upesi upesi. Ukitajiwa safari ni kusimama kando ya barabara na kuomba kuchukuliwa bure katika motokaa. Kitu kionekanacho kama "sore thumb" ni kile kisichopatana na wenziwe, jicho likakiona mara moja. Na mkulima ambaye kila apandacho huota, Mmarekani husema ana dole gumba la kijani. Mwingereza husema vidole vyake ni vya kijani.

Liko tena "rule of thumb", maana yake kukadiria kwa mazoea pasipo kipimo halisi. Jambo hili si geni kwetu, kwani wazee wetu walipima kwa shibiri, tangu ncha ya gumba hata ncha ya kidole cha mwisho; na Wafaransa inchi huiita kwa jina lile lile la kidole gumba. Wako wasemao neno hili lilitoka katika sheria ya Uingereza, iliyomruhusu mume kumpiga mkewe kwa fimbo isiyozidi unene wa gumba. Sheria hiyo haikuonekana. Ni kweli kwamba mwaka 1782 jaji Francis Buller alisingiziwa rai hiyo, na James Gillray akamchora amebeba fimbo za kuuza. Walakini neno lenyewe lilikwisha kutumika tangu karne ya 17, basi haliwezi kuwa mtoto wa jaji huyo.

Hata herufi ya mwisho ya "thumb" huandikwa isisomwe. Ndivyo ilivyo lugha hii: yako yaonekanayo yasiyosemwa, na yako yasemwayo yasiyoonekana.

Mabwana, wangaliko wazazi wetu ambao sahihi yao ni dole gumba. Hulitia wino wakalibonyeza, wakaamini kwamba tuliyowasomea ndiyo yaliyoandikwa. Hawana njia ya kutukagua. Kwa hiyo karani akutanapo na neno ambalo maana yake ya wazi haiingii katika habari, asione haya kusimama na kumwuliza mwenziwe, au kufungua kamusi. Aibu ya kuuliza ni ya dakika moja. Kosa la kufasiri laweza kumnyang'anya mtu shamba lake.

Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa. Hata gumba, kwa nguvu zake zote, halishiki kitu mpaka vidole vingine vilikabili. Nasi makarani tukabiliane hivyo kwa elimu.