MWENDO WA POLEPOLE

Hotuba ya redio. Somo: Mwanzo 33:12–14

Ninyi mlio jikoni, ninyi mlio kazini, na hasa ninyi mliolala kitandani kwa ajili ya ugonjwa, karibuni tuketi pamoja kwa dakika hizi chache chini ya Neno la Mungu.

Leo twataka kunena juu ya moyo. Hatuneni juu ya moyo ule tu unaopenda na kuchukia, bali juu ya moyo huu wa nyama unaopiga kifuani. Twanena hasa na wale ambao moyo wao umeanza kupiga polepole tangu walipoanza kumeza dawa, nao wana hofu.

Somo letu lamhusu Yakobo. Alikuwa anarudi kwao baada ya miaka 20 kwa Labani. Usiku ule penye kivuko cha Yaboki alishindana mweleka, na kulipopambazuka alikuwa akichechemea. Mara akamwona Esau ndugu yake anakuja na watu 400. Walipokwisha kukumbatiana na kulia, Esau alitaka waondoke wote na kufuatana njiani. Yakobo alikataa kwa upole. Alimkumbusha ndugu yake kwamba watoto bado ni wadogo, na kati ya mifugo wamo wanaonyonyesha. Wakikimbizwa siku moja tu, watakufa. Akaomba Esau atangulie, naye aje nyuma taratibu, kwa hatua ambazo watoto na wanyama wataziweza.

Twajua kwamba Yakobo alikuwa na hofu zake pia, na mwishowe aligeukia Sukothi. Lakini aliyoyanena juu ya kundi yalikuwa kweli. Mchungaji mwema hapimi safari kwa nguvu za mwenye nguvu. Huipima kwa yule aliye dhaifu, ili wote wafike wakiwa hai.

Sasa, ndugu wasikilizaji, twendeni Nairobi, mpaka Olympic, ukingoni mwa Kibera. Jina lenyewe ni jina la mashindano, na kweli asubuhi pale ni mbio. Matatu zinapiga honi, makanga wanaita abiria, watoto wanakwenda shule, na wengi wasio na nauli wanashika njia kwa miguu kwenda kutafuta kibarua hata Industrial Area. Ng'ambo ya pili ya Ngong Road, kule Kawangware, ni vivyo hivyo. Mahali kama hapo mtu akienda polepole husukumwa kando.

Tena sisi Wakenya twapenda mbio. Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1968, Kipchoge Keino alipokimbia kule Mexico akiwa mgonjwa wa nyongo. Madaktari walikuwa wamemwonya asikimbie, naye alikimbia, akatwaa dhahabu ya mita 1,500. Twamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini si kila mgonjwa ameitwa kukimbia mbio hiyo, wala si kila onyo la daktari ni la kupuuzwa.

Basi tumfikirie mama mmoja auzaye mboga pale Olympic. Tumemtunga kwa mfano, lakini wa namna yake tunao makanisani mwetu. Amepimwa, akaonekana ana presha, na moyo umeanza kuchoka. Amepewa dawa. Baada ya majuma machache presha imeshuka, lakini mikono yake ni baridi, na akipanda mteremko akiwa na gunia la sukuma wiki hupumzika mara mbili, mahali alipokuwa akipita bila kusimama. Jirani mwenye mashine ya kupimia presha anamfunga mkono. Tarakimu ya tatu, ile ya mapigo ya moyo, inasoma 52. Jirani anashtuka: "Mama, moyo wako unazimika!" Mwingine anamwambia kwamba dawa hizo ni sumu. Wa tatu, naye ni mtu wa maombi, anamwambia kwamba mwenye imani hana haja ya vidonge. Usiku huo mama anaishika pakiti ya dawa mkononi, akijiuliza kama aitupe chooni.

Wapendwa, hapo ndipo penye hatari. Mtu aweza kufa kwa uamuzi huo mmoja. Kwa hiyo na tueleze mambo haya kwa utaratibu.

Ziko dawa za moyo ambazo kazi yake hasa ni kuutuliza. Wataalamu huziita bita-bloka. Kati yake ni atenololi, propranololi, bisoprololi na karvediloli. Mwili ukiona hofu au kazi nzito hutoa maji yake yaitwayo adrenalini, nayo huubishia moyo hodi kwa nguvu ili uende mbio. Dawa hizi hukaa mlangoni, hodi ile isisikike kwa kishindo. Yule aliyeongoza kazi ya kuzigundua, mwanzoni mwa miaka ya 1960, alikuwa James Black wa Uskoti, aliyelelewa katika nyumba ya Wabaptisti. Mwaka 1988 alipewa Tuzo ya Nobel.

Kwa nini daktari atake moyo uende polepole? Moyo wa mtu mzima hupiga mara 100,000 hivi kwa siku. Husukuma damu kwa mwili wote, lakini wenyewe nao ni nyama ihitajiyo damu. Na tazameni hekima ya Muumba: upande ule wa moyo ufanyao kazi kubwa hupata sehemu kubwa ya damu yake wakati moyo unapolegea, katikati ya pigo moja na jingine. Maana yake, moyo hulishwa ukiwa umepumzika. Ukienda mbio mno, pumziko linafupishwa, na mtumishi huyu anayelisha wengine anakaa na njaa. Yeye aliyeamuru siku moja ya kupumzika katika saba ameweka sabato ndogo ndani ya kila pigo la moyo.

Kwa miaka mingi madaktari wenyewe waliogopa kumpa bita-bloka mtu ambaye moyo wake umedhoofika. Walidhani kumpunguzia mwendo ni kummaliza. Lakini katika miaka ya 1990 majaribio makubwa yalionyesha kinyume: wagonjwa wengi wa namna hiyo, wakianza kwa kiasi kidogo na kuongezewa kidogo kidogo, waliishi muda mrefu zaidi. Esau alidhani salama iko katika kwenda pamoja na wenye nguvu. Yakobo alijua kwamba kundi hili litafika kwa mwendo wa polepole.

Basi ile 52 ya mama yetu ni nini? Kwa kawaida moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya 60 na 100 kwa dakika. Mwanariadha hodari aweza kuwa na 40 na kitu, kwa sababu moyo wake una nguvu. Mtu anayemeza dawa hizi akishuka chini ya 60 kidogo, naye hana taabu, huenda dawa inafanya kazi iliyotumwa. Kwa hiyo tarakimu peke yake haihukumu. Lakini mama yetu amechoka kuliko desturi, na uchovu huo si wa kufichwa. Ni lazima amweleze aliyempa dawa, wala asingoje mpaka tarehe ya kliniki ifike.

Hapa wako wanaokosea kwa njia mbili. Wa kwanza huitupa dawa. Ndugu, usifanye hivyo! Moyo uliokuwa umezuiliwa ukiachiliwa ghafula hushtuka kama ng'ombe aliyekatikiwa kamba. Presha hupanda, kifua chaweza kuuma, na wengine hupatwa na shtuko la moyo. Ikibidi dawa iachwe, daktari huipunguza hatua kwa hatua. Wala usimeze leo na kuacha kesho ili pakiti ifike mwisho wa mwezi. Hiyo nayo ni kuutesa moyo. Ukisahau kipimo kimoja, usimeze viwili pamoja kufidia.

Wa pili hunyamaza. Husema, "Daktari ameandika, mimi ni nani?" Anaanguka bafuni, anainuka, hamwambii mtu. Huko si kutii. Daktari hakai nyumbani mwako. Asipoambiwa, atajuaje? Aweza kupunguza kipimo, au kubadili dawa, au kukupima umeme wa moyo aone kama kuna shida nyingine. Wengine hugunduliwa kwamba njia za umeme wa moyo zimeharibika, nao husaidiwa kwa kuwekewa kifaa kidogo cha betri chini ya ngozi ya kifua, kinachousaidia moyo kupiga.

Tufanye nini basi, sisi tunaomeza dawa hizi na sisi tunaowauguza? Tujifunze kuhesabu, kama mchungaji ahesabuvyo kundi jioni. Keti utulie dakika tano. Weka ncha za vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, wala usitumie gumba lenyewe. Hesabu mapigo kwa dakika nzima ukitazama saa. Andika katika daftari tarehe, mapigo, na jinsi ulivyojisikia, kisha uende na daftari hilo kliniki. Ukiona chini ya 50 mara kwa mara, au mapigo yanaruka-ruka, mwarifu mhudumu wa afya upesi. Lakini ukizimia, au kukaribia kuzimia, kifua kikibana, pumzi zikikosekana, au akili ikichanganyikiwa, usihesabu tena. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, wala usiende peke yako.

Mweleze daktari dawa zote unazotumia, hata matone ya macho ya ugonjwa wa glakoma, hata miti shamba. Verapamili na digoksini, zikikutana na bita-bloka, zaweza kuushusha moyo kupita kiasi. Mwenye pumu aseme, kwa maana baadhi ya dawa hizi hubana kifua. Mwenye kisukari aseme pia, kwa maana sukari ikishuka huenda moyo usiende mbio kumwonya. Basi aangalie jasho. Ukiamka, keti kwanza ukingoni mwa kitanda, ndipo usimame. Wala usimpe jirani vidonge vyako, hata akilia.

Watu wa Kibera hawakuachwa bila msaada. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilihudumu huko kwa miaka mingi, likitibu hata presha na kisukari, na mwaka 2017 likaikabidhi kliniki yake ya Kibera South kwa serikali ya kaunti. Mbagathi haiko mbali, na Hospitali ya Kenyatta iko upande huo huo wa mji. Aendaye huko hajamwacha Mungu. Paulo alimshauri Timotheo juu ya tumbo lake, katika waraka wa kwanza, sura ya 5, wala hakumkemea kwa uhaba wa imani. Na yule Luka aliyesafiri naye alikuwa tabibu. Tumwombee mgonjwa, naam, tumwekee mikono. Kisha tumkumbushe kumeza dawa yake.

Na sasa twanena na makanisa. Yakobo hakumwambia mtoto mchanga, "Jitahidi ufanane na watu wa Esau." Alibadili mwendo wa safari yote. Je, sisi twafanya hivyo? Mama huyu aliimba kwaya miaka mingi; sasa hawezi kusimama saa mbili. Mpeni kiti, aimbe ameketi. Mzee wa kanisa aliyekuwa akitembelea nyumba 10 kwa siku sasa azimudu mbili. Msiseme amepoa kiroho, wala mvivu. Akiwa anagawanya vidonge kwa kukosa fedha, mashemasi na wajue, na sadaka ya wahitaji ifike mlangoni pake kabla pakiti haijaisha. Na kijana mmoja wa ushirika ambebee gunia lake mteremkoni. Hayo nayo ni mahubiri.

Nawe uliyeshika pakiti usiku, ukijiona umekuwa mzigo, sikia neno hili. Yakobo alikutana na Esau akichechemea, na baraka ilikuwa tayari juu yake. Kuchechemea kwake hakukuifuta. Mungu haupimi upendo wake kwa mapigo yako kwa dakika. Rudisha dawa mahali pake, lala, na kesho uende ukaseme yaliyo kweli kwa daktari.

Na tuombe.

Ee Bwana Mungu, uliyeufanya moyo na kuuamuru upumzike katikati ya kazi yake, twakushukuru kwa uhai wa leo. Wakumbuke wagonjwa wa moyo, kule Olympic, na Kawangware, na kila mahali sauti hii inapofika. Wape ujasiri wa kusema, na subira ya kutumia dawa ipasavyo. Wape madaktari na wauguzi masikio ya kusikia. Nasi wenye nguvu, utufundishe kwenda kwa mwendo wa walio wadhaifu, hata sote tufike nyumbani kwako. Katika jina la Yesu Kristo, Mchungaji wetu mwema. Amina.